Umetazama Video Mia za Kiingereza, Mbona Mdomo Bado Mzito?

Hali hii wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wanaijua. Kijana amemaliza kidato cha nne, ana simu janja, na jioni akipata bando anafungua video za kujifunza Kiingereza. Mwalimu wa kwenye video anaeleza vizuri, mifano inaeleweka, na somo likiisha kijana anatikisa kichwa: hapa nimeelewa. Kesho yake mgeni anayeelekea Serengeti anashuka stendi ya Bunda na kuuliza swali jepesi tu, la njia. Kijana anaelewa kilichoulizwa, ila jibu halitoki. Maneno anayajua, tena mengine ameyaona jana tu, lakini yamekwama mahali fulani kati ya kichwa na ulimi.

Wengi wakifika hapo hujilaumu: mimi sina kichwa cha lugha, au nina aibu tu. Wengine huilaumu video na kutafuta nyingine, halafu nyingine tena. Watafiti wa lugha na kumbukumbu wana maelezo tofauti kidogo. Wanasema kuelewa Kiingereza ukikisikia na kukitoa mdomoni ni kazi mbili, na video kwa umbo lake inafundisha ile ya kwanza kuliko ya pili. Ukijua inafanya nini na haifanyi nini, unaweza kuitumia vizuri zaidi. Hebu tuone hatua kwa hatua.

Lugha ya tatu, siyo ya pili

Tuanze na mazingira yetu. Mkoa wa Mara una lugha nyingi kwa eneo dogo: Kizanaki kule Butiama, Kijita na Kikwaya upande wa Musoma, Kiikizu, Kisizaki na Kijita huko Bunda, na karibu yake Kikurya, Kijaluo na Kisukuma. Kwa hiyo mtoto wa hapa mara nyingi anaanza na lugha ya nyumbani, anaongeza Kiswahili mtaani na shuleni, kisha akiingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali anakuta biolojia, jiografia na hisabati vyote viko kwa Kiingereza. Video nyingi za mtandaoni humchukulia mwanafunzi kama mtu mwenye lugha moja anayeongeza ya pili. Wewe unaongeza ya tatu, pengine ya nne.

Je, kuanza kwa kuchelewa kunafunga mlango? Mfano mkubwa tunao nyumbani. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akakua akizungumza Kizanaki, na akaanza Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12. Baadaye alipita Tabora na Makerere, akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na hatimaye akatafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Mtu anaweza kusema alikuwa na kipaji, na ni kweli. Lakini angalia pia alichokuwa nacho: miaka mingi ya kudaiwa Kiingereza kila siku. Alitakiwa kujibu, kuandika, kubisha, kusahihishwa na kurudia. Video haikudai chochote. Inaongea, wewe unakaa.

Tatizo lenyewe siyo geni nchini. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hadi sekondari na juu yake. Serikali haikuufuata ushauri huo, na mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alitetea kubaki na Kiingereza akikiita Kiswahili cha dunia. Mwaka huohuo watafiti wawili, Clive Criper na William Dodd, walitoa ripoti baada ya kupima wanafunzi wa Tanzania. Walikuta wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo kwa lugha hiyo. Maana yake ni nzito: mwanafunzi aliyekwama kwenye Kiingereza hafeli Kiingereza peke yake. Anafeli fizikia ambayo pengine angeiweza kama angeelewa swali. Ndiyo maana pesa ya bando inayokwenda kwenye video hizi siyo ya mzaha. Ni ada ya pili.

Skrini inafundisha nini hasa?

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha jaribio ambalo hadi leo linatajwa sana. Walichukua watoto wa miezi 9 wanaosikia Kiingereza nyumbani, wakawaletea Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Kundi moja lilicheza na kusomewa na Wachina ana kwa ana. Kundi jingine lilioneshwa watu walewale kwenye video, na jingine likasikilizishwa sauti tu. Baadaye wote walipimwa kama wanaweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina. Waliokutana na mtu waliweza. Wa video na wa sauti walibaki kama vile hawakusikia kitu.

Mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani, Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff, walijaribu na watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu. Safari hii walilinganisha video iliyorekodiwa na mazungumzo ya video ya moja kwa moja, ambapo mtu wa upande wa pili anamwona mtoto na kumjibu. Watoto walijifunza vitenzi vipya kwenye mazungumzo ya moja kwa moja karibu sawa na ana kwa ana. Kwenye video iliyorekodiwa hawakujifunza. Skrini ilikuwa ileile; tofauti ilikuwa jibu. Mtu anayekujibu anakusubiri, anaona umepotea, anarudia, anacheka ukikosea.

Sasa usikimbilie kusema video haifai. Hao ni watoto wachanga, na mtu mkubwa ana silaha ambazo mtoto hana: anajua kusoma, anajua anachotafuta, anaweza kusimamisha na kurudia. Hata kwa watoto wenyewe, umri na utengenezaji wa kipindi vina nafasi yake. Hapa kwetu, kipindi cha *Akili and Me*, kinachotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam kwa watoto wa kabla ya shule, kilifanyiwa utafiti mjini Morogoro, ukachapishwa mwaka 2018. Waliokitazama walipata maendeleo zaidi katika kuchora, maumbo, kutambua namba, kuhesabu, na Kiingereza pia. Kipindi hicho kimetengenezwa kwa watoto wa mazingira haya, kinarudia mambo, kinauliza maswali na kumwachia mtoto nafasi ya kujibu.

Kwa hiyo swali la "video inafundisha au haifundishi" ni pana mno. Tuligawe.

Sikio: hapa video ina nguvu

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na karibu 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Matokeo yake, "ship" na "sheep" kwa sikio letu zote ni "shipu", na "cat", "cut" na "cart" zinaangukia kwenye "a" yetu moja. Sikio lina afya nzuri tu. Ubongo umejifunza tangu utotoni kwamba tofauti hizo hazina maana, hivyo unazipuuza ili ufanye kazi haraka.

Mara kuna mambo ya ziada. Katika Kikurya, kwa mfano, l na r hazitumiki kutofautisha maneno, ndiyo maana utani wa "kupiga kula" siku ya uchaguzi hauishi. Anayechanganya l na r kwenye Kiswahili atakutana na "light" na "right", "long" na "wrong". Upande mwingine, Kikurya kina irabu 7, yaani sikio la Mkurya tayari linapambanua irabu ambazo Kiswahili hakina. Na yeyote anayetamka vizuri "thamani" na "dhahabu" anazo tayari sauti za "think" na "this", ambazo Mfaransa au Mjerumani anazisotea. Lugha zako za awali siyo mzigo tu.

Je, sikio la mtu mzima linafundishika? Linafundishika. Wajapani nao wanapata taabu na l na r za Kiingereza, na mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni walionesha kwamba wiki chache za mazoezi ziliwasaidia kuzitofautisha. Siri ilikuwa wasemaji wengi. Miaka miwili baadaye walijaribu kuwasikilizisha msemaji mmoja tu. Walimzoea huyo, lakini wakipewa sauti ya mtu mpya, ujuzi haukuhamia. Tena zoezi lenyewe halikuwa kusikiliza tu: kila neno walilosikia walitakiwa kuchagua jibu na kuambiwa kama wamepata au wamekosa.

Hapa ndipo mtandao unapolishinda darasa. Shuleni una mwalimu mmoja wa Kiingereza, na huenda ametoka wilaya moja na wewe. Kwenye simu unaweza kumsikia Mnigeria, Mskoti, Mhindi, Mmarekani na Mkenya jioni moja. Kwa hiyo usishikamane na mwalimu mmoja wa video kwa sababu tu unamwelewa. Kumwelewa yeye ni mwanzo, ukishamzoea ongeza wengine.

Maandishi ya chini: ya lugha gani?

Video nyingi zinakuwezesha kuwasha maandishi yanayopita chini ya picha. Mwaka 2009 Holger Mitterer na James McQueen waliwaonesha Waholanzi wanaojua Kiingereza filamu na vichekesho vyenye lafudhi ngumu, ya Uskoti na ya Australia. Wengine walipewa maandishi ya Kiingereza, wengine ya Kiholanzi, wengine hawakupewa. Baadaye walipimwa kwa sentensi mpya za wasemaji walewale. Waliosoma maandishi ya Kiingereza waliisikia lafudhi vizuri zaidi. Waliosoma ya Kiholanzi walifanya vibaya kuliko hata wasiokuwa na maandishi.

Maelezo yake ni rahisi. Ukisoma neno la Kiingereza huku ukilisikia, jicho linaliambia sikio: hiyo sauti uliyosikia ndiyo neno hili. Sikio linajirekebisha. Ukisoma kwa lugha yako unapata maana, lakini jicho linavuta masikio kwenye maneno mengine kabisa, na sauti ya Kiingereza inabaki kama kelele nyuma.

Tahadhari moja: Waholanzi hao walikuwa na Kiingereza kizuri tayari. Anayeanza kabisa akiwashiwa maandishi ya Kiingereza ataona msitu tu. Kwa huyo, maelezo ya Kiswahili mwanzoni yanasaidia kupata maana. Mpango mzuri ni huu: mara ya kwanza tafuta maana kwa msaada wowote, mara ya pili weka maandishi ya Kiingereza, mara ya tatu yazime.

Na chagua video ya kiwango chako. Mwaka 2009 Stuart Webb na Michael Rodgers walichambua filamu 318 na kukuta kwamba mtu mwenye takriban familia 3,000 za maneno yanayotumika zaidi, pamoja na majina ya watu na mahali, anafunika karibu asilimia 95 ya maneno yanayosemwa. Asilimia 95 inasikika kubwa, lakini maana yake kila maneno 20 kuna moja usilolijua. Msemaji wa maneno 150 kwa dakika atakutupia mageni saba au nane kila dakika. Hilo linavumilika. Ukiwa na maneno 800 halafu unafungua filamu ya Hollywood "ili nizoee", unanunua picha, siyo lugha.

"Nimeelewa" inavyodanganya

Sasa tufike kwenye kiini cha yule kijana wa stendi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma tena mara ya pili. Jingine lilisoma mara moja, kisha likaandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele, wakikumbuka asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Fikiria video iko upande gani. Kutazama tena ni kurudia kusoma. Kila mara unapoirudia inakuwa nyepesi, na wepesi huo unauchukulia kuwa ni kujua. Kumbe umejua kulitambua neno likipita mbele yako, kama unavyomtambua mtu unayekutana naye sokoni kila wiki lakini jina lake ukiulizwa huna. Kutambua ni kazi moja. Kulivuta neno kutoka kichwani bila kuoneshwa ni kazi nyingine, na inakua kwa kufanywa yenyewe.

Kuongea kunataka zaidi ya hapo. Mtu anayezungumza kawaida anatoa maneno mawili hadi matatu kwa sekunde. Ndani ya muda huo anachagua neno, analiweka mahali pake kwenye sentensi, anaamua ni "go", "goes" au "went", na anauamrisha ulimi. Kwa Kiswahili unayafanya haya bila kufikiri kwa sababu umeyafanya mara mamilioni. Kwa Kiingereza kila hatua inasubiri ruhusa. Hapo ndipo jibu linapokwama.

Kanada walililiona hili kwa upana. Watoto wanaozungumza Kiingereza walifundishwa masomo yao kwa Kifaransa miaka na miaka. Mwaka 1985 Merrill Swain aliandika kwamba watoto hao walielewa Kifaransa karibu sawa na wenyeji, lakini kuongea na kuandika kwao kulibaki nyuma. Walikuwa wamesikia Kifaransa tele. Kilichopungua ni kulazimika kutoa sentensi zao wenyewe na kusukumwa waziseme sawasawa. Ukiwa msikilizaji unaweza kukamata maneno makuu na kukisia yaliyobaki. Ukiwa msemaji huwezi kukisia, ni lazima uamue.

Linganisha na Makoko, pale pale Musoma kando ya ziwa. Wamisionari wa Maryknoll walianzisha huko shule ya lugha, na wageni wengi wamejifunzia Kiswahili hapo. Mgeni akitoka darasani anakutana na Kiswahili kwa muuza nyanya, kwa dereva wa bodaboda, kwa jirani anayemsalimu. Anadaiwa jibu mara ishirini kabla ya chakula cha mchana. Kijana wa Musoma anayejifunza Kiingereza akizima video anarudi kwenye Kiswahili na Kijita. Mtaa haumdai Kiingereza. Basi ni lazima atengeneze deni hilo mwenyewe.

Kwa mwalimu anayetaka kurekodi

Tunajua walimu na wanachuo kadhaa wanaofikiria kutengeneza video zao, na tunawaomba wasiache. Wanachoweza kutoa hakipatikani kwa mwalimu wa London.

Mwalimu wa London anafundishia dunia nzima kwa mpigo. Hajui kwamba mwanafunzi wetu humwita mama yake "he" kwa sababu Kiswahili kina "a-" moja kwa mwanamume na mwanamke: "anapika" haina jinsia. Hajui kwamba "ninasoma" yetu inaweza kuwa "I am reading" au "I read", na kwamba "hu-" ya "husoma" ni daraja zuri la kumvusha mwanafunzi kwenye mambo ya kila siku. Hajui kwamba tunaongeza irabu mwishoni kwa sababu maneno yetu huishia na irabu, hivyo "bank" ikawa "benki". Wewe unajua kosa litatokea wapi kabla halijatokea. Video ya dakika nne inayoshughulikia "he" na "she" kwa Mswahili ina thamani kuliko saa nzima ya sarufi ya jumla.

Ifanye fupi. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mitazamo milioni 6.9 ya video za masomo za edX. Muda wa kati wa watu kutazama haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Somo la dakika 40 likate vipande saba.

Kisha weka ukimya. Uliza swali, nyamaza sekunde tano, ndipo utoe jibu. Kwenye kurekodi ukimya huo unatisha, utaona kama umesahau maneno. Uvumilie, ndiyo sehemu pekee ambayo mwanafunzi anafanya kazi. Usiseme "rudia baada yangu" tu, maana kurudia ni kazi ya sikio na ulimi, kichwa kinapumzika. Mpe kitu cha kuamua: "Mwambie mteja kwamba dagaa wa jana wamekwisha, wa leo wanakaushwa." Hapo ni lazima achague nyakati, kitenzi na mpangilio.

Na mifano iwe ya hapa. Mwanafunzi wa Mwigobero anajua jinsi dagaa wanavyovuliwa, kuanikwa na kuuzwa. Wa Bunda anajua pamba. Akieleza kitu anachokijua, kichwa kinabeba mzigo wa lugha peke yake. Akipewa kueleza treni ya chini ya ardhi asiyowahi kuiona, anabeba miwili.

Hesabu ya bando

Tusijidanganye, haya yote yanategemea MB. Chukua video ya dakika 10. Kwa ubora wa chini tuseme inabeba kilobiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate kilobaiti 12.5, zidisha kwa sekunde 600: ni MB 7.5. Kwa ubora wa juu, tuseme kilobiti 2,000 kwa sekunde, hesabu hiyohiyo inatoa MB 150. Yaani GB moja inakupa video sita na ushee, au zaidi ya 130. Kwa somo la lugha unahitaji sauti safi na mdomo wa mwalimu uonekane, basi. Shusha ubora wa picha.

Akiba nyingine ni kurudia. Video moja iliyopakuliwa na kutumiwa vizuri kwa wiki inafundisha kuliko video 20 zilizopita kama upepo. Na itazameni wawili au watatu kwa simu moja. Mwaka 2018 Kuhl na wenzake, wakiongozwa na Sarah Lytle, walirudi kwa watoto wa miezi 9 na kukuta kwamba walijifunza zaidi kutoka kwenye video walipokuwa na mtoto mwenzao kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima sababu iko wazi zaidi: mwenzako ndiye anayekudai jibu.

Nusu saa ya kujaribu

Kwa wanaotaka kuanza leo, hii ni ratiba inayofuata yote tuliyoeleza.

1. Dakika 5: tazama video fupi mara moja, upate maana. Kiswahili kinaruhusiwa.
2. Dakika 5: itazame tena ukiwa na maandishi ya Kiingereza. Simamisha kila baada ya sentensi mbili tatu.
3. Dakika 5: funga simu. Andika au sema kwa sauti kila unachokumbuka, kwa Kiingereza, hata kikiwa kibovu.
4. Dakika 10: zungumza na mwenzako. Mmoja ni mgeni wa stendi, mwingine ni mwenyeji. Mgeni haruhusiwi kukubali jibu la "yes" tu. Huna mwenzako? Jirekodi sauti kwa simu, kisha jisikilize.
5. Dakika 5: rudi kwenye video uone ulikosea wapi. Chagua kosa moja tu la kurekebisha.

Kesho, kabla ya kufungua video mpya, jaribu kuisema ya jana bila kuitazama. Rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ukiona hatua ya tatu na ya nne zinachosha kuliko kutazama, usishangae. Kuchoka huko ndiko kuonesha kwamba sasa unafanya ile kazi ya pili, ambayo mgeni wa stendi atakudai.